Aliyetulia kwenye Picha Namba 13

Jumatatu, 6 Machi

Kiwandani Nyakato tangu saa mbili asubuhi. Wawekezaji wamefungua laini ya pili ya minofu ya sangara. Hotuba tatu, utepe mmoja. Mgeni rasmi amekata kwa mkasi butu, mara nne ndipo ukakatika. Nimempiga picha kwa spidi 125. Imetosha, mkono wake ni mzito.

Baadaye chumba cha kukatia. Safu mbili za wanawake, makoti meupe, mabuti, visu. Nimepiga kwa spidi 60, kisha 250. Nimeosha filamu mchana. Kwa 60 nyuso ziko wazi lakini mikono ni ukungu, visu havipo kabisa. Kwa 250 kila kidole kinahesabika, ila visu vimesimama hewani kama vimekwama kwenye kitu. Ya kwanza inaonyesha kazi. Ya pili inaonyesha wafanyakazi. Sijapata namna ya kuvipata vyote viwili.

Kila picha nimeiandika na spidi yake kwenye daftari dogo. Padri aliyetufundisha picha pale Nyegezi alikuwa anachapa viganja vya asiyeandika. Miaka ishirini na mbili imepita, bado naandika.

Mhariri ameangalia zote bila kukaa chini.

"Mama Koku, minofu haiuzi gazeti. Niletee damu."

Alikuwa anatania. Nusu.

Jumanne, 7 Machi

Mgambo wamevunja meza za machinga nyuma ya soko. Saa nne kamili. Spidi 500, jua kali. Nimepata rungu likiwa juu, na mama wa nyanya akiwa chini yake, mikono kichwani. Nimepata pia likishuka. Amepasuka juu ya sikio. Damu na nyanya, huwezi kutofautisha kwenye filamu nyeusi na nyeupe.

Mgambo mmoja amedai filamu. Nimempa. Nilimpa ile ya akiba ambayo haijapigwa kitu. Ameivuta yote juani, akaikanyaga, akaridhika.

Wanawake wamecheka nilipopita na ile nyingine ndani ya sidiria.

Alhamisi, 9 Machi

Naandika saa tisa mchana. Mikono imetulia. Niandike kwa mpangilio.

Nilikwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa habari ya wizi wa injini za mitumbwi. Jina la mwalo nalitaja tu kwenye daftari la kazi. Nimefika saa mbili. Wingu zito, mvua inakuja. Ndani ya banda la kupimia samaki kulikuwa na giza, nikaweka spidi 30, nikaegemea nguzo ili nisitikisike. Picha kumi za mizani na sangara.

Saa tatu na dakika kumi umepigwa mwano. Hata mimi wa kutoka Kagera najua maana yake. Ni ule ukelele wa Wasukuma wa kuitana. Ukisikika, kila mwanaume anatoka na alichonacho mkononi, hata kama yuko chooni. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wanahesabu waliokuja.

Walikuja. Makafi, fimbo, mapanga mawili, mawe. Katikati yao kijana wa miaka ishirini na kitu, shati la kijani, miguu peku. Injini ya mwenye mitumbwi mikubwa, ambaye wavuvi wote wanamwita Tajiri, ilikuwa haionekani tangu juzi. Kijana alikutwa na mfuniko wa injini. Alisema kaokota. Alisema mara mbili. Mara ya tatu hakumaliza.

Wa kwanza kupiga ni kamanda wa sungusungu, kwa kafi, kwenye goti. Wa pili ni Tajiri. Baada ya hapo siwezi kutaja mpangilio.

Nilipiga picha nne mfululizo. Ndipo nikaona spidi bado iko 30. Nimeisahau kutoka bandani. Kosa la mwanafunzi. Nikapeleka 500, nikafungua tundu la lenzi lote, nikapiga mbili. Filamu ikaisha, ilikuwa fupi, nimejikatia mwenyewe kutoka kwenye roli kubwa.

Ilichukua dakika nane. Niliangalia saa mwanzo na mwisho. Makafi mawili yalivunjika. Mwishoni walileta jiwe ambalo wanawake hukalia wakipaa samaki, mmoja akalibeba kwa mikono miwili. Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Mvua ikaanza, wakaenda kujikinga bandani. Yeye akabaki.

Anaitwa Deus. Mtu wa Ukerewe. Nimelipata jina kwa muuza chai.

Sikusema neno lolote dakika zote nane. Nilikuwa kazini.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeosha. Namba 11 hadi 14 ni zile za spidi 30. Nilidhani zimeharibika. Hazijaharibika. Wanaopiga wamegeuka moshi. Hawana nyuso wala mikono, makafi yamekuwa kama mabawa. Deus anaonekana kiasi, hasa miguu. Namba 13 ndiyo bora kuliko zote. Ukiiangalia unausikia ule mlio.

Namba 15 na 16, zile za 500, ziko wazi kabisa. Kamanda, meno yake, mshipa wa shingo. Tajiri na kafi. Aliyebeba jiwe. Yeyote anayewajua atawataja bila kufikiri.

Nimeipeleka 13. Sababu nimeandika juu ya bahasha: haimtambulishi mtu. Hiyo ndiyo kanuni yetu. Mwaloni tutarudi, sokoni tutarudi, hatuwezi kuwa macho ya polisi. Mhariri ameshika picha muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Hii ni ukurasa wa mbele, mzima."

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 13 Machi

Gazeti limetoka. Saa tano limekwisha mjini. Pale posta watu watatu wanachangia nakala moja, wamekaa juu ya ngazi kwenye mvua.

Jumanne, 14 Machi

Nimeitwa kituoni. Nilidhani ni filamu ya mgambo.

Inspekta alikuwa na gazeti letu mezani. Amechora duara kwa kalamu nyekundu. Ndani ya duara, upande wa kulia wa picha, mwanaume amesimama wima, fimbo mkononi, anaonekana mpaka vifungo vya shati. Nimeiosha picha hii. Nimeichapa, nimeiandikia bahasha. Sikumwona. Nilikuwa naangalia moshi.

Wamemkamata jana jioni. Anaitwa Mabula. Anashona nyavu pale mwaloni. Kesi ya mauaji.

Nimemweleza Inspekta. Shata ya kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde, anayetembea au kurusha mkono anafutika. Anayebaki wazi ni yule ambaye hakutikisika. Kwa hiyo mtu pekee aliye wazi pale ndiye mtu pekee ambaye hakupiga.

Amecheka mpaka akavua kofia.

"Mama Koku. Miaka yote hii nakuheshimu. Unataka nimwambie mkubwa wangu kwamba anayeua haonekani, ila asiyeua ndiye anaonekana?"

"Ndivyo ilivyo, afande."

"Hawa wengine ni moshi. Moshi siufungi pingu. Huyu ni mtu."

Askari mlangoni naye alicheka. Nikaomba kumwona Mabula. Wakamleta mpaka kwenye korido. Jicho la kushoto limefunga. Anatembea kwa upande, mkono ubavuni. Wanataka awataje wenzake, naye hasemi. Nimemwamkia, akaitikia vizuri tu, kama tumekutana njiani. Hajui mimi ni nani. Sikumwambia.

Nimerudi nyumbani, nimeiangalia tena namba 13.

Jumatano, 15 Machi

Mwaloni. Nimekwenda kwa mkewe kwanza. Minza, miaka thelathini hivi, watoto wanne, mmoja mgongoni. Amesema "shikamoo mama" kabla sijafika mlangoni, nami nikaitikia marahaba. Kisha nikajitambulisha. Hakuniambia kaa.

Nimeuliza mumewe alikwenda kufanya nini pale na fimbo.

Ameniangalia kama vile nimeuliza kwa nini watu wanakula. Mwano umepigwa. Mwaka juzi ulipigwa mwano, Mabula hakutoka, alikuwa hospitalini na mtoto. Sungusungu hawakutaka kusikia habari ya hospitali. Waliwatenga miezi miwili. Hakuna aliyewasalimia. Hakuna aliyewapa moto wala kumpa Minza nafasi kisimani mpaka wote wamalize. Mtoto alikufa mwezi wa pili wa kutengwa, akazikwa na watu wawili: baba yake na katekista. Kwa hiyo safari hii Mabula alipousikia mwano alishika fimbo ya kwanza aliyoiona, akakimbia akasimame mahali ambapo Kamanda atamwona.

"Alienda aonekane tu," Minza amesema. "Kumpiga mtu hawezi. Hata kuku nachinja mimi."

Halafu akaniuliza: "Na wewe mama, ulienda kufanya nini?"

Nikajibu, kazi. Akatikisa kichwa. Hakuwa amekubali, alikuwa amesikia.

Pale bandani Kamanda mwenyewe alikuwa amekaa na gazeti letu, watu wamemzunguka.

"Mayu, mama yetu, karibu! Umenitoa vizuri sana. Mimi nipo hapa." Akaweka kidole kwenye ukungu. "Huyu moshi ndio mimi!"

"Na mimi je?" akauliza mwingine.

"Wewe ni huo moshi mdogo, kwa sababu unakula kidogo."

Wakacheka kweli, kicheko cha kushika mbavu. Nikauliza kuhusu Mabula. Wakasema hajapiga, kila mtu anajua hajapiga. Nikasema basi waende kituoni wakaseme. Kicheko kikakoma. Kamanda akakunja gazeti taratibu mara nne.

"Kamera yako ililia sana siku ile, mayu. Ziko picha zingine?"

"Filamu iliisha."

Nimewahi kudanganya watu wakubwa kuliko yeye. Ila sidhani kama aliamini.

Alhamisi, 16 Machi

Mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia, hakuna tatizo.

Saa sita na nusu mchana, stendi ya mabasi. Wanaume wawili. Mmoja nilimjua kwa viatu vya raba ya tairi, alikuwa bandani jana. Hakuna aliyeniambia kitu. Rungu lilikuja kwenye kifundo cha mkono uliokuwa umeshika mkoba. Mfupa niliusikia. Mkoba ukaanguka, wakaumwaga chini. Kamera ikapigwa jiwe mara tatu, lenzi ikawa chumvi. Walitafuta filamu. Hazikuwepo, ziko ndani ya debe la unga nyumbani.

Walipokosa, yule wa raba alifanya jambo la akili sana. Alinyoosha kidole, akapiga kelele:

"Mwizi! Mwizi wa watoto huyu!"

Nimeandika habari za watu kuuawa na umati labda mara kumi na tano. Sikujua inaanza haraka namna ile. Jiwe la kwanza lilipita. La pili lilinipata begani. Mtu alinivuta nywele kwa nyuma, mwingine akanipiga teke la mgongo, nikapiga magoti. Harufu ya mafuta ya taa, nina hakika. Mtu alikuwa tayari anayo. Nilisema mimi mwandishi, nikasikia sauti yangu ni ile ile ya Deus aliposema kaokota.

Aliyeniokoa ni mpiga debe wa mabasi ya Musoma. Namjua kwa sura tu. Alinikalia. Alikaa juu yangu kabisa, kama mtu anayekalia gunia, akaanza kuwatukana mama zao mmoja mmoja.

"Huyu ni mama wa gazeti, wapumbavu nyie! Mtoto yuko wapi? Nionyesheni huyo mtoto! Nani kaibiwa mtoto hapa?"

Hakuna aliyekuwa kaibiwa mtoto. Wakatawanyika. Mmoja akanirudishia kiatu.

Jambo moja niandike kabla halijapotea. Polisi wamenitaka maelezo ya sura, nikajaribu. Siikumbuki hata moja. Waliokuwa wananipiga ni mikono na mashati tu. Anayenijia wazi ni mama mmoja mnene aliyesimama pembeni na beseni la maandazi kichwani, khanga ya zambarau, mdomo wazi. Ningemchora. Ndiye pekee ambaye hakunigusa.

Ijumaa, 17 Machi

Plasta mpaka kiwiko. Mkojo hauna damu, daktari ameridhika.

Mhariri amekuja na machungwa. Nimemwambia nataka kumpa Inspekta namba 15 na 16. Amesema ninachokijua: tukitoa filamu moja kwa polisi, kesho hatupati picha mahali popote Kanda ya Ziwa. Kila mpiga picha atakayenyanyua kamera ataonekana ni askari. Watatuua, siyo mimi tu, hata wale wadogo wanaoanza. Mwaka huu kuna uchaguzi wa vyama vingi. Mikutano yote hiyo, nani atapiga picha?

Ana haki. Hilo ndilo linalonikera. Kanuni hiyo mimi ndiye niliyemfundisha, alipokuja kuanza kazi akiwa hajui kuweka filamu.

"Na Mabula?" nimeuliza.

"Tafuta njia nyingine."

Nimekubali kutafuta njia nyingine.

Jumamosi, 18 Machi

Njia nyingine ni hii. Nimeazima kamera kwa mwenye studio mmoja mjini, mzee mwenye roho nzuri na mashine mbovu. Nimekwenda kituoni asubuhi. Nimemwomba Inspekta askari watatu na gunia la mchanga. Wawili wapige gunia kwa virungu. Wa tatu asimame pembeni na rungu lake, asitikisike.

Alikubali kwa sababu ya plasta yangu, nadhani. Au alikuwa hana kazi.

"Haya vijana. Mpigeni kama mnavyopiga siku zote."

Walicheka, wakaanza kwa kutania. Baada ya mapigo matatu hawakucheka tena. Waliling'ang'ania lile gunia. Jasho, pumzi, sauti za kooni. Mmoja alikuwa anatukana gunia. Mchanga ukamwagika. Inspekta aliwasimamisha mara mbili ndipo wakasikia. Nilikuwa nimemaliza kitambo. Nne kwa 30, mbili kwa 500, mwanga wa wingu kama ule wa mwaloni.

Walipokuwa wanajipangusa jasho nilimsikia Mabula akikohoa nyuma ya ukuta. Kikohozi kirefu, chenye maji.

Jumapili, 19 Machi

Sikwenda misa. Kuosha filamu kwa mkono mmoja kumechukua saa tatu. Zimetoka kama nilivyojua. Askari wawili moshi. Wa tatu, kijana wa watu, wazi mpaka namba ya begani.

Jumatatu, 20 Machi

Nimempangia Inspekta picha juu ya meza. Za askari wake upande mmoja, za mwaloni 11 hadi 14 upande mwingine. Amezitazama muda mrefu. Amemwita yule askari aliyesimama, akamweka pembeni ya picha kama anayelinganisha kitambulisho.

Nikamwonyesha Mabula kwenye nne zote. Mguu mahali pale pale, fimbo mahali pale pale, ncha iko kwenye ufa ule ule wa ukuta wa banda. Wengine wote wamehama.

"Nimeelewa," amesema. Hakucheka safari hii. "Umenionyesha kwamba katika picha nne huyu hakupiga. Kabla hujafika, je? Baada ya filamu kuisha? Mama Koku, nina maiti. Nina wazazi wa marehemu wamekuja na meli kutoka Ukerewe, wanalala kwenye varanda yangu. Nikimtoa huyu, nawapa nini? Gunia?"

Akanisogezea picha zangu.

"Nipe mtu, nikupe mtu."

Nikaomba kumwona Mabula kwanza. Hawakumleta, walinipeleka. Amelala kwenye sakafu. Hawezi kukaa. Ndoo iliyo pembeni yake ina mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Amenitambua kuwa ni yule mama wa siku ile. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga picha. Nikamwambia kuna nyingine, zenye sura za waliopiga, na kwamba nimezificha siku kumi.

Alifikiri. Midomo imepasuka, anaongea polepole.

"Usiwape. Wakijua imetoka kwangu, watoto wangu watatengwa tena."

Nilikaa pale muda ambao sikuupima. Ni mara ya kwanza katika habari hii sikuangalia saa.

Nimekwenda nyumbani kwa miguu. Nimetoa filamu kwenye debe la unga. Nimerudi kwa miguu. Saa tisa na robo nimeweka 15 na 16 mbele ya Inspekta, nikaandika na kusaini kwamba zimetoka kwangu, kwa hiari yangu, na kwamba Mabula aliomba zisitolewe. Hilo la mwisho nimelipigia mstari.

Nimevunja kanuni yangu. Nimekwenda kinyume na mtu niliyekuwa namsaidia. Naogopa, nami huwa siogopi. Basi.

Jumatano, 22 Machi

Wamewakamata jana alfajiri. Kamanda, aliyebeba jiwe, na wengine wawili. Wenzao walipiga mwano, watu wakatoka, polisi wakapiga risasi hewani, kisha wakaacha kupiga hewani. Mmoja amekufa, mvuvi wa Kijita aliyekuja na kafi kwa sababu mwano umepigwa. Simjui. Hayumo kwenye picha yangu yoyote.

Tajiri hayupo. Amevuka ziwa.

Injini yake imepatikana. Mdogo wake aliipeleka kwa fundi, akasahau kumwambia. Mfuniko ulianguka njiani. Fundi ameniambia akiwa anaendelea na kazi, spana mkononi.

Mhariri ameniomba nikae nyumbani kwa muda. Hakusema muda gani. Ametuma mshahara wa mwezi na barua fupi, yenye adabu.

Ijumaa, 24 Machi

Mabula ametolewa. Nimesimama ng'ambo ya barabara, sikuvuka. Minza alikuwa na baiskeli. Alimpakia nyuma kama mzigo, akamfunga kiunoni kwa khanga asianguke, akaanza kusukuma.

Jumapili, 26 Machi

Jua. Mvua imepumzika.

Saa nane mchana lori la pamba limesimama mbele ya nyumba yangu, Buswelu. Minza ameshuka. Wanahamia kwao, Maswa. Wametengwa tangu Jumatano asubuhi, kabla hata Mabula hajatoka. Hakulaumu. Alisema tu ilivyo, huku anachagua mchele kwenye ungo niliokuwa nao, kwa sababu ulikuwa karibu na mikono yake.

Binti mkubwa anabaki, yuko kidato cha kwanza, analala shuleni. Ameomba kitu kimoja: picha ya familia wakiwa wote. Kwa hiyo wamekuja kwangu. Nilimuuliza Minza kama ana hakika. Akasema kamera anayoijua ni ya kwangu.

Nimewapanga chini ya ukuta mweupe. Minza na mtoto mgongoni, wawili mbele, binti na sare ya shule. Mabula kwenye kiti, jicho limeanza kufunguka. Ile kamera ya studio bado ninayo. Jua lilikuwa zuri. Nikaweka 125. Nikanyanyua.

Mabula akaanza kutikisa kichwa. Polepole, kushoto, kulia. Nikashusha kamera, nikasubiri. Akaacha. Nikanyanyua, akaanza tena. Mikono nayo, juu ya magoti, inakwenda na kurudi kama anashona wavu.

"Baba, tulia," binti akasema. "Tulia kidogo tu."

"Sitatulia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata na tabasamu. "Piga hivi hivi, mama."

Minza hakumgeukia. Aliniangalia mimi.

Nikageuza spidi mpaka 30, nikapunguza tundu la lenzi hadi mwisho, jua lisiiunguze picha. Nikaegemea mlango, nikabana pumzi, nikabonyeza.